Kadi ya kliniki: tazama mstari, si kilo

Ukitoka kumpima mtoto, fungua kadi uunganishe nukta za uzito za miezi mitatu ya mwisho. Mstari ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi, anakua vizuri, hata kama wa jirani ni bonge. Mstari ukilala au kushuka, muulize nesi palepale kabla hujaondoka. Kuanzia mwezi wa 4 hivi kasi hupungua, ndiyo maana hata mistari ya kadi imepinda; hiyo si sababu ya kuanza uji kabla ya miezi 6 (bibi atasema tu). Mbinu hii haifai wiki 2 za kwanza, maana wachanga wengi hupungua kwanza ndipo uzito urudi. Wala haifai akipimwa leo na nepi iliyolowa, mwezi ujao uchi.