Kupima Sukari ya Mimba Bila Kukaa Roho Juu

Mimi ni muuguzi mkunga, na benchi la wajawazito wanaosubiri kipimo cha sukari nalijua vizuri. Wengi hufika hawajalala. Swali lao si la sindano, ni hili: "Dada, mtoto wangu atakuwa mzima?"

Kupimwa si kuambiwa unaumwa. Mimba ikifika wiki 24 hadi 28, homoni za kondo la nyuma huizuia insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi sawasawa. Ndiyo maana hata mama mwembamba asiyegusa soda hupimwa.

Siku tatu kabla, kula kama kawaida. Wapo wanaoacha ugali na wali ili wapate majibu mazuri, kumbe ndiyo wanakiharibu kipimo. Usiku wa mwisho kula ushibe, kisha funga angalau masaa 8. Maji matupu kunywa. Omba upangiwe asubuhi mapema.

Utatolewa damu, halafu utapewa glukosi gramu 75 iliyokorogwa kwenye maji. Ni tamu ya kukera. Imalize ndani ya dakika 5, kisha kaa kitako, usizunguke. Damu hutolewa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Kichefuchefu kikija, vuta pumzi polepole. Ukitapika, sema papo hapo, usifiche. Utapangiwa siku nyingine. Beba mayai ya kuchemsha ya kula ukimaliza. Na usindikizwe na mtu anayekutuliza. Anayependa kusimulia miguu iliyokatwa kwa kisukari abaki nyumbani.

Ukiambiwa "imepanda", usiondoke hivyo hivyo. Omba namba ziandikwe kwenye kadi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari cha mimba huanzia 5.1 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Moja tu ikifika inatosha. Uliza ule nini kuanzia leo na urudi lini. Wengi sukari yao hutulia kwa kupanga chakula na kutembea. Ukiandikiwa insulini, usiogope: haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Ukishajifungua, pima tena kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Na kama hofu haikuachii, hulali, chakula hakipiti, liseme hilo pia kliniki. Mimi huliandika kwenye kadi kama ninavyoandika presha, na tunalishughulikia.