Daftari letu la uvimbe wa ubongo

Daktari alipotamka kwamba mume wangu ana uvimbe kwenye ubongo, sikusikia tena kitu. Aliendelea kueleza, mimi macho yameganda kwenye kalamu yake. Kwa hiyo usiende peke yako, na usiende bila daftari. Mmoja asikilize, mwingine aandike: ni uvimbe wa aina gani, uko wapi, na daraja lake, yaani ukali wake, ni lipi kati ya 1 na 4. Kwa kawaida daraja huthibitishwa kipande kidogo cha uvimbe kikishapimwa maabara, basi picha ya MRI pekee isiwakatishe tamaa.

Ulizeni sana uko wapi. Wake uko mbele, nyuma ya paji la uso, panapomsaidia mtu kujizuia. Mtu mpole yule alimfokea binti yetu kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi, mtoto akalala na viatu kwa kulia. Kesho yake nilimwonyesha picha ya kichwa cha baba yake. "Hapa ndipo ubongo unapozuia hasira. Na hili doa ndilo uvimbe." Akauliza kama baba atapona. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Nikijua, wewe hutasikia kwa jirani." Watoto waambieni ukweli mfupi, mara nyingi.

Kila siku andika saa ya dawa, usingizi, kichwa, hasira. Dawa yake ya deksamethasoni hupunguza kuvimba kwa ubongo kuzunguka hilo donge, na kichwa kilimpoa kweli, ila saa nane za usiku namkuta anapanga viatu vya nyumba nzima. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba dozi ya pili alikuwa akiimeza jioni. Daktari akaisogeza mchana, mume wangu akaanza kulala. Msiikatishe ghafla dawa hii hata mkiichoka. Daktari ndiye huipunguza, kidogo kidogo.

Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimkandamize. Usimtie chochote mdomoni. Shemeji yangu alikuja mbio na kijiko, nikamzuia mlangoni. Tazama saa: ikiwa ndiyo mara ya kwanza, au kimepita dakika 5, au kimerudi kabla hajazinduka, piga simu ya dharura.

Wanaouliza "tusaidie nini?" wape kazi yenye siku yake. Shemeji huyohuyo sasa ndiye anayempeleka kwenye mionzi kila Jumanne na Alhamisi, nami siku hizo nalala mchana bila kuona haya.

Na mgonjwa apewe ukurasa wake. Wiki nzima wa mume wangu ulikaa mtupu. Kisha nikakuta mstari mmoja, herufi zimepinda: "Msinong'one jikoni. Nasikia." Usiku ule tulihamishia mazungumzo kando ya kitanda chake, na swali la kwanza aliuliza yeye.