SOMO: Maji ya bomba Arusha, kutoka kwenye mita hadi kwenye kikombe

Masika yakianza, maswali huwa yaleyale. Maji yametoka na udongo, nichemshe tu? Mtoto anaota meno ya utu uzima, yatakuwa ya kahawia kama ya baba yake? Wengi wetu tunayajibu yote mawili kwa sufuria moja, na hilo ndilo tatizo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi, yale madini yaliyoyeyuka majini yanayotia meno madoa ya kahawia, hakuigusi. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, kwa hiyo ukiyaacha yachemke muda mrefu unaiongezea makali. Ni hatari mbili, na kila moja ina dawa yake.

Hatua ya 1: Jua unakunywa maji ya chanzo gani
Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru huyeyusha floraidi njiani. Chemchemi moja inaweza kuwa nzuri kabisa, na kisima kilicho mwendo mfupi tu kutoka hapo kikawa na floraidi mara kadhaa zaidi. Jirani mwenye kisima chake hawezi kukushauri wewe unayetumia bomba la mamlaka. Nenda ofisi ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, ukaulize mtaa wako unaletewa maji ya chanzo kipi, na kipimo cha karibuni kinasemaje. Ni haki ya mteja, usiogope kuuliza.

Hatua ya 2: Pima
Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilikuwa inaruhusu hadi 4, kwa sababu mikoa yetu isingepata maji kabisa; kiwango cha sasa ni 1.5. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ameionja. Peleka sampuli maabara ya maji. Ya floraidi tumia chupa safi ya plastiki, siyo ya glasi. Ya vijidudu omba chupa iliyotakaswa hapohapo maabara, fungua bomba maji yatiririke kidogo kabla ya kukinga, weka kwenye barafu na ifikishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Simtank (tangi la plastiki la kuhifadhia maji)
Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maji mengi mazuri yanapoharibikia. Maji yakiwa ya mgao, bomba hukaa tupu, na palipo na tundu uchafu wa nje hunyonywa ndani. Yakirudi, ya mwanzo mwagia maua. Kisha yanaingia kwenye tangi ambalo mwenye nyumba hajalifungua tangu lipandishwe juu. Nimeona matangi yenye tope la kushika kwa mkono, halafu mtu anailaumu mamlaka!

Toa maji yote, sugua kuta na chini, suuza, jaza upya. Kwa tangi la lita 1,000 weka lita moja na nusu ya Jiki isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5. Fungua kila bomba la ndani mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha usiku kucha. Waambie watu wote wa nyumbani kwamba maji hayo hayanywewi. Asubuhi yamwage yote, jaza mengine. Mfuniko ukae sawasawa, na bomba la kumwagia ziada liwe na wavu.

Hatua ya 4: Vijidudu
Yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha kwa mwinuko wetu wa Arusha. Kuyaacha robo saa ni kuchoma mkaa bure. Kama ni ya udongo, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa kwanza. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata maelekezo ya pakiti na usubiri nusu saa.

Hatua ya 5: Floraidi, kama kipimo kimezidi
Huhitaji kusafisha maji ya kufulia. Shughulikia ya kunywa na kupikia tu, na uanze na watoto. Maji ya mvua karibu hayana floraidi: bomba likiwa na 3, changanya nusu kwa nusu upate kama 1.5. Mvua ya kwanza ioshe bati kwanza, usiikinge. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi kimelifanyia kazi kwa miaka mingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa wawili, Njiro: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka kumi meno yameshakuwa na madoa. Nikibadilisha maji yatatoka?
*Marahaba mama. Hayatatoka, madoa yaliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza. Nguvu zako zipeleke kwa mdogo wake, hasa kama hajafika miaka minane. Ukiwa unanyonyesha, endelea. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana.*

Kijana wa Sakina: Nina lile chujio la mishumaa ya udongo. Si linatosha?
*Kwa tope na vijidudu vingi, ndiyo. Kwa floraidi, hapana.*

Mkazi wa Usa River: Mkaa wa mifupa ni wa mifupa ya mnyama gani? Sisi Waislamu tunauliza.
*Swali zuri, na uliza kila unaponunua. Kwa kawaida ni ng'ombe, lakini muuzaji akuthibitishie. Angalia pia ulivyochomwa: ukichomwa vibaya, maji yananuka. Na mkaa huchoka bila kukuonyesha dalili, kwa hiyo maji yaliyochujwa yapimwe tena.*

Dada wa Nakuru: Huku kwetu Bonde la Ufa tuna shida hiyohiyo. Chai inaongeza?
*Inaongeza, majani ya chai yana floraidi yake. Kwa mtu mzima vikombe viwili si neno, ila mtoto mdogo asilelewe kwa chai.*

Mama lishe, Kilombero: Makande bila magadi hayaivi mwalimu!
*Yanaiva, dada. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa moto wa taratibu. Magadi mengi ya huku yana floraidi nyingi, na ukiyatia kila siku umeirudisha ile uliyoihangaikia kuitoa kwenye maji.*