Ndugu yako anatumia dawa za akili? Soma hii kabla hujaenda duka la dawa

Wengi hapa Dodoma tuna ndugu aliyetoka hospitali ya akili ya Mirembe na haloperidoli au olanzapini, au anachomwa ile sindano ya Modecate, akisharudi nyumbani tunaona kazi imeisha. Sasa akipata homa kidogo anatumwa mtoto duka la dawa la mtaani, muuzaji hajui mgonjwa anameza nini na sisi hatusemi kwa aibu. Ukiona aibu we toa tu pakiti pale kaunta, uliza kama hizi zinapatana, si lazima useme za nani. Au zipige picha zikae kwenye simu.

Haloperidoli inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na antibiotiki kama erithromaisini na sipro (siprofloksasini), kwinini, hata mseto wa malaria nazo zina tabia hiyohiyo, zikikutana hatari inaongezeka. Sisemi malaria isitibiwe jamani, nasema daktari ajue, hasa kama moyo una shida. Sipro tena inafanya olanzapini ijae mwilini. Rifampisini ya TB na kabamazepini ya kifafa zenyewe zinaipunguza haloperidoli, unashangaa mtu anameza vizuri kabisa na zile sauti anazosikia kichwani zimerudi. Sigara nayo inashusha olanzapini, kwa hiyo akiacha kuvuta ghafla kliniki waambiwe, maana dozi ileile inaweza kumzidia akawa analala tu. Pombe iwe waini ya zabibu zetu au gongo, hapana. Na metoklopramidi ya kuzuia kutapika usimpe kienyeji, inazidisha kukakamaa.

Hilo la kukakamaa ndo linatisha watu. Siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje, na kuna shangazi lazima aseme ni mashetani apelekwe kwa mganga. Ni dawa hiyo! Hospitali wana sindano ya kumlegeza na mara nyingi hachukui muda anakuwa sawa. Vidonge vya Artane anapewa kwa ajili hiyohiyo ila msimuongezee wenyewe, inafunga choo na mkojo, wazee inawachanganya kabisa.

Kubwa kuliko yote ambalo dawa hizi zinaweza kuleta ni homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho linamtoka na anaongea haeleweki. Hapo usinunue mseto ukasubiri asubuhi. Dozi inayofuata asimeze, tafuta bajaji usiku huohuo, wapime malaria ndiyo, lakini waambie anatumia dawa gani na sindano ya mwisho alichomwa lini, kwa sababu ile ya Modecate inakaa mwilini wiki kadhaa hata vidonge vikisimama.

Anayetumia Largactil, nayo ni dawa ya akili, jua la mwezi wa kumi linamuunguza ngozi haraka, kofia na mikono mirefu akienda shamba, maji ya kunywa asikose. Akiamka kitandani akae kwanza, presha inaweza kushuka akaanguka, na kama anameza na za presha ndo zaidi.