Kuishi Vizuri na Wenzako Kazini: Salamu, Zamu na Daftari la Michango

Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ghala la dagaa Kirumba, ofisi ya katikati ya jiji au duka la vipuri Nyakato, watu wa Mwanza hukosana kazini kwa mambo yaleyale: zamu iliyokabidhiwa nusunusu, pesa ya mchango isiyojulikana ilipo, na neno lililopitia kwa mtu wa tatu. Sherehe ya mwisho wa mwaka haiponyi kilichoharibiwa na kreti sita za samaki zilizoachwa bila barafu. Mwongozo huu unashughulika na hizo kreti.

Salamu kwanza, na kwa umri

Fika dakika kumi kabla ya muda wako ili salamu isiwe ya kukimbia. Salimia kwa kufuata umri, si cheo. Mlinzi wa getini mwenye umri wa baba yako anastahili shikamoo hata kama wewe ndiye meneja, na mama anayefanya usafi vilevile. Kijana anayewasimamia watu wazima ana sababu ya ziada: akiiruka shikamoo asubuhi, agizo lake la saa nne litapokelewa kama dharau, hata likiwa sahihi kabisa.

Salamu ina kumbukumbu. Aliyekwambia jana kwamba mtoto ana homa, leo muulize huyo mtoto, si "habari za nyumbani" kwa jumla. Na kama wewe ni mgeni mjini, jifunze salamu za Kisukuma, "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya mchana ndani ya wiki ya kwanza. Matamshi yako yatawachekesha, na kicheko hicho ni cha kukukaribisha.

Kuhusu lugha kuna kosa moja linalofanyika bila nia mbaya. Wasukuma wawili na Mhaya mmoja wameketi meza moja ya chai, wawili wakaingia Kisukuma. Hawamsemi, wanazungumzia mvua. Lakini yule wa tatu hawezi kulijua hilo. Akiwepo mmoja asiyeelewa, rudini kwenye Kiswahili. Utani wa makabila nao uishie kwa watani wanaojuana. Usiufanye mbele ya mteja, wala kwa mfanyakazi aliyeanza juzi.

Makabidhiano ya zamu

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zaidi kuliko popote. Anayetoka amechoka, anayeingia akili yake haijatulia, na maneno ya mdomo hupotea kati yao. Kwa hiyo weka daftari moja, mahali pamoja, na kila zamu iandike mambo manne: kilichokamilika, kilichobaki, kilichoharibika, na nani au nini kinachosubiriwa. Ukurasa wa mapokezi ya samaki unaweza kuwa hivi:

"Saa 12 jioni. Kreti 40 zimeingia, 34 zimechambuliwa, 6 zipo mlango wa pili, barafu ya juu imeongezwa saa 11 na nusu. Mzani wa pili hautulii, fundi ameambiwa, bado hajafika. Gari la Sengerema linasubiriwa saa 1 usiku."

Angalia saa ya barafu. Maji ya barafu inayoyeyuka hushuka yakipita katikati ya samaki na kuwapoza, kwa hiyo kreti ambayo barafu yake ya juu imekwisha huanza kupata joto hata kama chini bado kuna mabonge. Anayeingia akiikuta hivyo bila maelezo, lawama ya samaki kulegea itamwangukia yeye, na atakayemkasirikia ni wewe uliyekwisha kuondoka. Mstari mmoja daftarini unamwokoa.

Baada ya kuandika, zungukeni pamoja kwa dakika tano hadi kumi. Onyesha kwa mkono: kreti hizi, mzani ule, swichi hii. Kisha wote wawili mtie sahihi. Kilichoharibika kitaje wewe mwenyewe kabla hakijagunduliwa. Kisu kilichovunjika ncha ukakirudisha kimyakimya kwenye ndoo kinaweza kumkata mtu, na siku hiyo hakuna atakayejali kwamba ulikuwa na haraka.

Ofisini makabidhiano ya namna hii huja wakati wa likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 28 ni nyingi kwa mteja aliyeahidiwa kupigiwa simu. Siku mbili kabla ya kuondoka mwandikie anayebaki: faili zipi zipo hatua gani, nani ameahidiwa nini na lini. Nywila yako usimpe. Omba apewe ya kwake.

Tazama pia nani anasafiri vipi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewaondolea wengi kusubiri kivuko, lakini anayevuka kwenda Kamanga au Ukerewe bado anaitazama saa. Makabidhiano yaanze na huyo. Dakika zako kumi za kuchelewa zinaweza kuwa kwake usiku mzima nje ya nyumbani.

Kubadilishana zamu kunajenga sana kukifanywa kwa uwazi. Msabato anahitaji kuwa huru kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Mwislamu anahitaji muda wa swala ya Ijumaa. Wawili hawa wakipangwa vizuri wanafunikana bila mtu kuumia. Omba siku tatu kabla, andika siku ya kurudisha, na urudishe ndani ya wiki mbili, maana zamu iliyokopwa ikapita mwezi hugeuka kinyongo. Msimamizi ajue mapema: ajali ikitokea, anayeulizwa ni yule ambaye jina lake lipo kwenye ratiba.

Michango, mchezo na mikopo

Msiba hauna taarifa, kwa hiyo kiwango kipangwe siku ambayo hakuna aliyefiwa. Kaeni mkubaliane: mwenza, mtoto na mzazi wanachangiwa kiasi gani, ndugu wa tumbo moja kiasi gani, na wengine ni hiari. Chagueni kiasi ambacho mwenye mshahara mdogo kuliko wote anakiweza bila kukopa. 5,000 inayotolewa na wote inajenga kuliko 20,000 inayowafanya watatu wakwepe. Mtunza pesa awe mmoja na mwenye kuhesabu mbele yake awe mwingine. Kwenye kundi la WhatsApp tangazeni jumla iliyokabidhiwa. Orodha ya majina na alama za tiki mbele yake iachwe: humwaibisha ambaye huenda naye nyumbani kuna mgonjwa.

Harusi ni tofauti, maana ina muda. Usimwingize mwenzako kwenye kundi la kamati bila kumuuliza. Mpe kadi mkononi, na akikuambia "nitaangalia", lichukulie hilo kama jibu na usimkumbushe zaidi ya mara moja.

Mchezo wa pesa unahitaji hesabu kabla ya urafiki. Watu kumi, 20,000 kila wiki, kila mmoja anapokea 200,000 mara moja katika wiki kumi. Unapovunjikia ni palepale siku zote: aliyepokea mapema anaacha kutoa. Kwa hiyo wapya wapewe namba za mwisho, waliokwisha kucheza pamoja wapige kura ya vikaratasi kwa namba za mwanzo, na kila malipo yaandikwe siku ileile.

Kwa wanaotegemea dagaa kuna jambo la kuongeza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, na pesa inapungua kuanzia mwaloni, dagaa wanakoshushwa, hadi kwa mama lishe. Ukiwadai wacheza mchezo hao kila Jumamosi bila kuutazama mwezi, utawafanya waongo watu waaminifu. Pangeni tarehe ziangukie kipindi cha giza.

Kukopeshana wenyewe kwa wenyewe: kopesha kiasi ambacho kisiporudi bado utamsalimia. Taja tarehe ya kurudisha siku unapotoa. Anayedaiwa akiona hataweza, aseme kabla ya tarehe kufika. Mdeni anayebadilisha njia ya kwenda chooni ili asikutane na mdai ameshapoteza zaidi ya pesa.

Kumrekebisha mwenzako

Mwambie siku hiyohiyo, mkiwa wawili, kabla hajapanda daladala. Anza na kilichotokea, kisha ulichofanya, kisha ombi: "Dada, kreti sita za asubuhi zilikuwa hazina barafu ya juu. Nimeongeza. Kesho naomba tuzipitie pamoja kabla hujatoka." Hakuna "wewe kila siku" ndani yake, na hakuna "watu wanasema". Mkubwa kwa umri mwanzie kwa shikamoo na "naomba unisaidie jambo moja". Ujumbe ni uleule, na heshima yake inabaki.

Akikujia mtu na habari za mwingine, jibu fupi linatosha: "Umemwambia mwenyewe?" Likirudiwa mara mbili tatu, habari hizo zitatafuta masikio mengine.

Ukikosea wewe, kiri kosa kwa jina lake, rekebisha kinachorekebishika, na kama ulimkosea mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu haohao. Radhi ya pembeni kwa tusi la hadharani hailipi deni.

Mazungumzo yakishindikana

Kutopendana si unyanyasaji, na si lazima kila mtu awe rafiki yako. Mfanyakazi mnayekabidhiana zamu vizuri na kusalimiana anatosha. Lakini matusi ya kudumu, kuguswa usikotaka, au kubaguliwa kwa kabila, dini au jinsia havimalizwi kwa chai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini na inauhesabu unyanyasaji kuwa aina mojawapo ya ubaguzi.

Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Peleka kwa msimamizi kwa maandishi ukibaki na nakala. Kama tatizo ni msimamizi mwenyewe, nenda kwa mkubwa wake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama TUICO viwandani na kwenye biashara, au TUGHE serikalini na hospitalini. Ikishindikana hapo, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake huko, kwa hiyo usizimalize kwa kusubiri hasira zipoe.