Kuchangia idara ya uhandisi wa vifaa tiba: pesa, mashine na karatasi zake

Anzia kwa fundi wa maabara. Mkuu wa idara atakutajia mashine kubwa anayoitamani; fundi atakuambia osiloskopu (vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme) ngapi zimelala kabatini kwa kukosa waya za kupimia, na wanafunzi wangapi wanasongamana kwenye meza moja. Omba orodha zote mbili. Ya fundi ndiyo itakayokuonyesha jinsi mchango mdogo unavyoweza kufufua vifaa ambavyo tayari vipo.

Ukiamua kutoa pesa, chagua kati ya mfuko wa kutumika na mfuko wa kudumu. Katika mfuko wa kudumu mtaji hauguswi. Kinachotumika ni sehemu ndogo tu kila mwaka, kwa kawaida kama asilimia 4. Kwa hiyo 100,000 za sarafu yoyote hutoa 4,000 kwa mwaka, na huenda hizo zisitoshe hata ada ya mwanafunzi mmoja. Kiasi hichohicho kikitumika chote kwa miaka 5 ni 20,000 kila mwaka, na hapo maabara itaona tofauti. Mfuko wa kudumu uachie michango mikubwa.

Hati ya mchango iandikwe na chuo, si idara peke yake, na itaje jina au namba ya mfuko husika. Bila hiyo, pesa huingia kwenye akaunti kuu na idara haizioni. Uliza mapema kama chuo hukata ada ya usimamizi, na ni asilimia ngapi. Kusudi liandike kwa upana: "vifaa vya mafunzo ya vitendo" ni bora kuliko kutaja modeli fulani ambayo kiwanda kitaacha kuitengeneza. Ongeza kifungu kinachosema pesa zitaelekezwa wapi kusudi hilo likikoma. Na kama unataka umiliki wa matokeo ya utafiti, huo si mchango tena bali ni mkataba wa utafiti. Usivichanganye, kwani kodi na sheria zake ni tofauti.

Kwenye mashine ndiko wengi wanakokosea. Soma kwanza kibati kilicho nyuma yake. Kikiandikwa 100–240 V, 50/60 Hz, hakuna shida. Kikiandikwa 120 V, 60 Hz peke yake, na chuo kinatumia 230 V, 50 Hz, transfoma itarekebisha volti lakini haitagusa masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde (Hz). Mota inayofuata masafa ya umeme, kama ile ya sentrifuji ya zamani (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi), itazunguka polepole kwa sehemu moja kati ya sita, na inaweza kupata joto hadi kuungua. Lawama zitamwangukia fundi.

Kisha tafuta kitabu cha matengenezo. Kitabu cha mtumiaji hakitoshi: mhandisi anahitaji michoro ya saketi, orodha ya vipuri na nywila ya kuingilia sehemu ya matengenezo. Hakikisha pia leseni ya programu inaweza kuhamishiwa chuo. Mashine za kupima damu ziangalie mara mbili, kwa sababu nyingi hukubali vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kiwanda kimoja tu, navyo huisha muda wake hata visipotumika. Kama huna uwezo wa kulipia vitendanishi vya miaka miwili, ni afadhali utoe kitu kingine.

Hapa idara inatofautiana na hospitali: kifaa kibovu kinaweza kuwa zawadi nzuri. Pampu ya dripu iliyokufa, monita ya mgonjwa isiyowaka, mashine ya ECG (ya kuchora umeme wa moyo) yenye kelele kwenye mchoro, zote ni somo, mradi useme wazi kwamba ni mbovu na uibandike lebo isiyotoka: "Kwa mafunzo tu, si kwa mgonjwa." Bila lebo, kifaa kilichotengenezwa nusunusu na wanafunzi kinaweza kuishia wodini. Difibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, isifunguliwe kabla fundi hajahakikisha kapasita yake, sehemu inayohifadhi umeme, imetolewa chaji. Huweza kubeba maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme.

Kila kilichotoka hospitalini kiende na cheti cha kutakaswa, na diski ya ultrasaundi ifutwe majina na picha za wagonjwa. Chochote chenye chanzo cha mionzi usikiguse bila mamlaka ya mionzi. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, chanzo cha mionzi cha sizi-137 (cesium-137) kilichoachwa kwenye kliniki iliyohama kiliua watu wanne.

Ukiuliza ni kifaa gani chenye faida kubwa kuliko vyote, jibu halipendezi kwenye picha: vifaa vya kupimia vifaa. Kipima usalama wa umeme na kifaa cha kuigiza mapigo ya moyo hutumika karibu katika kila zoezi la matengenezo. Navyo huhitaji kuhakikiwa usahihi, mara nyingi kila mwaka, kwa hiyo weka pesa hizo ndani ya mchango. Kwa kifaa chochote, tenga asilimia 5 hadi 10 ya bei yake kila mwaka kwa vipuri na matengenezo.

Kifaa kikivuka mpaka wa nchi, karatasi zote ziwe kwa jina la chuo, na barua ya msamaha wa kodi ipatikane kabla mzigo haujaondoka. Bandarini gharama ya kuhifadhi huongezeka kila siku na inaweza kupita thamani ya mashine.

Baada ya miezi sita omba kuona daftari la matumizi. Ukikuta kifaa bado kimo kwenye sanduku, usikimbilie kulaumu, uliza kinachokosekana. Huenda ni soketi tu, au meza ya kukiweka.