Wadudu wa bustani nyanda za juu: anza na macho, kisha utupa

Ukiuliza dawa ya asili, wengi watakutajia mwarobaini. Ni sawa kwa mtu wa Dodoma au Tanga. Huku Uyole, Makete na Njombe baridi inaukataa mti huo, kwa hiyo tutatumia vinavyoota hapa hapa, hasa utupa, mti mdogo ambao majani yake huua viwavi.

Hatua ya 1: Mjue anayekula

Geuza majani kabla ya kuchanganya chochote. Mche uliokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Majani yaliyojikunja na kunata yana vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hasa kiangazi. Kabichi au figiri ikiwa na vitobo, na kiwavi mdogo wa kijani akijirusha na kuning'inia kwenye uzi unapogusa jani, huyo ni mtoto wa nondo mgongo almasi.

Hatua ya 2: Sota, kwa mkono

Sota anakula usiku na mchana analala udongoni, hivyo kupulizia majani hakumpati. Asubuhi fukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, sentimita mbili tatu tu. Utamkuta amejikunja mduara, rangi ya udongo wenyewe. Mpe kuku. Miche iliyobaki ivishe pete ya chupa ya maji iliyokatwa, na ukingo wake uzame kidogo ardhini.

Hatua ya 3: Vidukari

Wakiwa wachache, wapanguse kwa vidole. Wakizidi, pulizia maji yenye sabuni ya mche kidogo, ukilenga chini ya jani. Ila ukiona baadhi yao wamevimba, wamegeuka kahawia na hawasogei, hao waache: ndani mna mtoto wa nyigu mdogo, naye akitoka atatafuta vidukari wengine. Majivu yanasaidia pia, lakini mvua moja tu inayaosha. Masika usijisumbue nayo.

Hatua ya 4: Utupa kwa viwavi

Twanga kilo moja ya majani mabichi ya utupa, katika kinu kisichotumika kwa chakula. Loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Usiiruke sabuni: jani la kabichi lina nta, maji matupu yanateleza.

Kisha jaribu kwenye mche mmoja na usubiri siku mbili. Kuna utupa wenye sumu na usio na sumu, na kwa macho inafanana. Wengi wanaosema "utupa hauna kitu" nadhani walichuma ule mwingine. Ukipata unaoua, chukua mbegu za mti huo huo, uzipande kwenye uzio.

Pulizia jioni, jua likishapoa na nyuki wamerudi mzingani. Jua huivunja dawa haraka. Vaa glovu, funika pua na mdomo. Kuwa ya asili hakuifanyi kuwa chai. Mboga ikae kama wiki moja kabla ya kuchuma, kisha ioshe vizuri.

Mwenye ndugu anayelima pareto, mmea wa maua yanayoua wadudu, Mbeya Vijijini au upande wa Mafinga aombe maua makavu: nguvu iko kwenye ua, si kwenye majani. Saga, loweka, chuja, na masharti ni yale yale.

Bomba la kupulizia usilioshee mtoni wala kwenye mfereji. Utupa huua samaki, na pareto vilevile. Mabaki yamwage shimoni, mbali na kisima.